Ua wa Ghorofa ya Kurbanali

Ghanima binti Saud alikuwa na miaka arobaini na saba alipofungua ofisi ya chumba kimoja pale Mabawa, akaweka meza, kompyuta, na mlangoni akatundika kibao cha bati alichokiandika kwa mkono wake: MCHORA RAMANI ZA MAJENGO. Kabla ya hapo alikaa Dar es Salaam miaka kumi na tisa akichora ghorofa za kupangisha, na kazi hiyo aliijua haswa. Mwenye kiwanja akitaka nyumba ishirini mahali panapotosha kumi na sita, Ghanima alimpatia ishirini na moja. Alibana ngazi, alikata korido, aliusogeza ukuta mpaka ukagusana na wa jirani, na mabosi zake walimsifu kwa hilo mbele za watu.

Kilichomrudisha Tanga ni mama yake. Baba alipofariki, Ghanima alimchukua Bi Khuloud akamweka naye Dar, ghorofa ya nne, katika jengo alilolichora mwenyewe. Nyumba ilikuwa na marumaru chini na maji ya bomba jikoni, na feni kila chumba. Bi Khuloud, aliyezaliwa Ngamiani akazalia Ngamiani, alikaa humo miezi minane. Mwanzoni alikuwa akisimama dirishani kutazama watu wanaopita. Baadaye dirishani hakwenda tena. Jioni moja Ghanima alirudi kazini akamkuta ameketi kitandani, kajifunika baibui, mkoba wake mapajani.

"Nirudishe kwetu, mwanangu," Bi Khuloud alisema. "Nyumba yako nzuri, siikosoi. Lakini mie humu nimetiwa kabatini."

Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililomchoma Ghanima zaidi. Alimrudisha Ngamiani kwa dada yake Bi Khuloud, kwenye nyumba ya vyumba sita na wapangaji watano, na mwezi haujaisha Bi Khuloud alikuwa akimpigia simu kumsimulia nani kagombana na nani kwa ajili ya kamba ya kuanikia. Sauti ilikuwa imempanda tena. Ghanima alisikiliza na kucheka, kisha akikata simu akabaki kuitazama ramani iliyo mbele yake, ya jengo jingine la nyumba ishirini na moja. Mwaka uliofuata aliaga kazini, akafunga mizigo.

Kazi yake ya kwanza kubwa hapo Tanga aliletewa na Mzee Kurbanali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Babu yake Kurbanali aliwaachia wajukuu nyumba mbili za Ngamiani zilizoegemeana, za udongo na mabati, ambazo sasa kuta zilikuwa zimeanza kufanya matumbo.

"Hizi zimechoka, binti," alimwambia. "Mvua za masika zijazo sina hakika nazo. Nataka ghorofa nne. Wapangaji wangu wa zamani ndio watakaoingia kwanza, na kodi zao sitazirusha mbali, nimeshawapa neno langu. Ila kiwanja kisinipotee hata futi moja."

"Nimekuelewa, mzee."

Ghanima alipima siku tatu. Aliyemshikia ncha ya pili ya futi alikuwa Bi Kijakazi, mjane wa Kidigo aliyekaa nyumba ile miaka thelathini na mmoja, akikaanga vitumbua uani kila alfajiri na kuviuza asubuhi kibarazani. Bi Kijakazi hakungoja kuulizwa. Alimwonesha mitaro inayoziba, mlango unaogoma, chumba kinachovuja. Walipofika uani, Ghanima aliandika kila kitu: bomba lilipo, karo la kufulia, jiko la mafiga matatu, mlimau uliokua umeinama kwa kukwepa paa. Wanawake wanne walikuwa wanachambua mchele kwenye mkeka mmoja, na alipotaka kupima hapo walisogeza mkeka, wakamaliza hadithi yao, wakaurudisha.

Ramani ya kwanza aliichora kwa mazoea ya Dar. Nyumba ishirini, kiwanja kimejaa pomoni, na katikati ya jengo tundu jembamba la kupitishia mabomba na hewa. Aliichapa, akaikunja, akafika nayo mpaka mlangoni mwa ofisi, akashindwa kutoka. Vyumba vya katikati vilikuwa na madirisha yanayofunguka kwenye lile tundu. Mtu angekaa humo mwezi wa pili, Tanga imefukuta, taa imewashwa saa sita mchana. Ghanima alirudi mezani, akaanza upya.

Ramani ya pili ililizungusha jengo pande nne, katikati ukabaki ua wa hatua kumi na mbili kwa tisa. Kila ghorofa ilikuwa na baraza pana inayoukabili ua huo, milango yote ikifungukia barazani, na ngazi zikapanda wazi pembeni ili anayeshuka amwone anayepanda. Nyumba zilikuwa kumi na sita.

Aliipeleka nyumbani kwa Kurbanali siku ya Jumapili. Mzee aliigeuza karatasi hivi na hivi, akavaa miwani, akaivua.

"Hapa katikati mbona umenichorea shimo?"

"Huo ni ua, mzee. Wa watu wote wa jengo."

"Na nyumba ngapi zimekwenda na ua huo?"

"Nne."

Kurbanali aliicheka karatasi kama mtu aliyefanyiwa mzaha na mjukuu. Ghanima akamweleza habari ya upepo na mwanga, na unyevu unaokula rangi kwenye vyumba visivyopata jua, na ukarabati utakaomwandama kila mwaka. Mzee alikuwa anatikisa kichwa muda wote.

"Upepo haulipi kodi, binti."

Mkewe, Rehmatbai, alikuwa ameingia na sinia la chai. Aliliweka chini, akainamia ramani, akafuata ua kwa kidole kote kuzunguka.

"Kurbanali," alisema, "wewe dukani una ofisi yenye kiyoyozi. Kila nikija nakukuta wapi?"

Mzee aliikunja miwani yake.

"Nyuma, uani, kwenye kiti cha plastiki, na wapakiaji mizigo. Sasa hao wengine nao waende wapi?"

Mwishowe Kurbanali alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe.

"Haya. Jenga na shimo lako. Lakini tuelewane. Watu wakishaingia, nakupa miezi sita. Nikikuta ua hauna watu, naufunika, najenga stoo za duka. Na ramani ya stoo utaichora wewe."

"Nitaichora mimi," Ghanima alikubali, na moyoni alikuwa na hakika kwamba hataichora.

Ujenzi ulichukua mwaka na nusu chini ya Fundi Kristofa, Mbondei mmoja mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kumwaga zege bila kwanza kuisoma ramani mara mbili. Jengo lilitoka vizuri, jeupe, baraza zake pana zikipitisha upepo hata Februari. Wapangaji waliingia na magodoro na majiko na picha za harusi. Ghanima alisimama katikati ya ua siku hiyo, akatazama juu akaona nyuso zimeinama kutoka ghorofa zote nne, akadhani kazi imekwisha.

Haikuwa hivyo. Wiki ya kwanza watoto walicheza uani, kisha wakafukuzwa kwa kelele. Wiki ya tatu Ernesti wa ghorofa ya kwanza, dereva wa bodaboda, aliegesha pikipiki yake hapo kwa kuogopa wezi, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, zikaja nyingine tatu. Mabenchi ya zege ambayo Ghanima aliyachora kwa mapenzi yalikaa na vumbi na madoa ya oili. Kila Ijumaa alikuwa akipitia pale akitoka kumwona mama yake, na kila Ijumaa alikuta hivyo hivyo: pikipiki nne, ua mkavu, milango ya juu imefungwa. Mwezi wa nne aliacha kupitia. Akizunguka barabara ya nyuma, alijiambia kwamba anafupisha njia.

Mwezi wa tano simu ilimjia kutoka kwa Kurbanali. Hakuwa na maneno mengi.

"Umepita pale karibuni?"

"Bado, mzee."

"Mie nimepita," alisema, na kukata simu.

Kesho yake Ghanima alifunga ofisi saa nane mchana, akaenda Ngamiani na daftari. Aliketi kwenye benchi la zege na mara akasimama, maana jua la alasiri lilikuwa limelipasha likawa kama kikaango. Akiwa amesimama hivyo, Bi Kijakazi alitokea ghorofa ya pili na ndoo ya nguo, akamwona.

"Bint Saud! Unaanikwa nawe?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Panda huku, utaungua."

Ghanima alipanda. Nyumba ya Bi Kijakazi ilikuwa safi, lakini dari ya jikoni ilikuwa nyeusi tii, na kwenye kona kulikuwa na maboksi mawili yamefungwa kamba.

"Unahama, bibi?"

"Nahamia Pongwe kwa mdogo wangu, mwisho wa mwezi." Bi Kijakazi alitandaza mkeka akaketi. "Moshi wa vitumbua unapanda kwa wenzangu juu. Wamesema mara ya kwanza, mara ya pili, sasa hawasemi, wananinunia. Nami sikai na watu walioninunia. Jengo lako zuri, mwanangu, Mungu shahidi. Lakini kazi yangu haimo."

Ghanima aliyatazama maboksi. Alimuuliza kwa nini hakaangi uani.

"Wapi pale?"

"Pana nafasi, bibi. Niliiacha kwa ajili yenu."

Bi Kijakazi alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyesoma sana.

"Haya, njoo nikuoneshe." Alimvuta mpaka ukingoni mwa baraza. "Geti lako lile ni la nondo, na limetazamana na wauza kahawa ng'ambo ya pili. Nikikaa pale na kanga moja, miguu imenyooka, mtaa mzima unanihesabu vidole. Nani atashuka? Hasina wa hapo chini ana mume mkali, hata kichwa hakitoi. Kwenye ile nyumba yetu ya zamani, unakumbuka mwisho wa ukumbi palikuwa na nini?"

Ghanima alifikiri. Alikumbuka ukumbi, upana wake, urefu wake.

"Pazia, mwanangu! Ulipima kila kitu, nami nimekushikia futi. Pazia hukulipima."

Ghanima alijishika kinywa. Nyumba ya utotoni mwake ilikuwa na pazia hilo hilo, la kitambaa cha maua, na yeye na ndugu zake waliligombania kulipitia kwa kukimbia. Alikaa nalo miaka kumi na saba ya maisha yake, na hakuliweka kwenye ramani kwa kuwa halikuwa ukuta.

"Kingine," Bi Kijakazi aliendelea, akiwa sasa amenoga, "mtu hashuki ngazi ili akakae tu kama picha. Uani huendwa kwa shughuli. Unakwenda kufua, unakuta mwenzio anakuna nazi, mazungumzo yanazaliwa. Wewe bomba umetutilia ndani, kila mtu na lake. Kamba ya kuanikia umetutilia kwenye dirisha, nguo hazikauki, zinanuka. Pale chini hakuna kazi hata moja. Na hayo mabenchi, umeshayakalia mwenyewe."

Ghanima aliandika kurasa tatu. Alipomaliza alimuuliza kama anaweza kungoja kidogo kabla ya kwenda Pongwe.

"Kidogo kiasi gani?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu nitangoja," alisema Bi Kijakazi. "Lakini maboksi siyafungui."

Kwenda kwa Kurbanali ndiko kulikokuwa kugumu. Ghanima alimkuta nyuma ya duka, kwenye kiti chake cha plastiki, na kabla hajapoteza ujasiri akasema kila kitu akiwa bado amesimama.

"Nimekosea, mzee. Nilichora ua wa kutazamwa. Watu wanataka ua wa kufanyia kazi. Nipe ruhusa niurekebishe, na ufundi wa Kristofa nitaugharimia mimi."

Kurbanali alimsogezea kiti kingine. Alikuwa amezoea mafundi na wakandarasi, na katika miaka yote ya biashara hakumkumbuka hata mmoja aliyefungua mazungumzo kwa kusema amekosea.

"Vifaa chukua dukani," alisema mwishowe. "Lakini mwezi uliobaki ni huo huo. Siongezi siku."

Walifanya kazi siku tisa. Ndani ya geti Kristofa alijenga ukuta mfupi wa kukingia, hatua mbili kutoka mlangoni, hivi kwamba anayeingia anageuka kushoto ndipo aone ua, na aliyeko barabarani anaona ukuta tu, umepakwa chokaa. Mabenchi yaliyokuwa upande wa mashariki yalivunjwa, mapya yakajengwa upande wa magharibi, ambako kivuli cha jengo huanguka mchana wote baada ya adhuhuri. Yakaja makaro matatu ya kufulia, na mabomba mawili, na kamba ndefu nane. Kwenye kona ya upepo waliinua banda la jiko, paa la bati lenye bomba la kutolea moshi lililopanda kupita ghorofa ya nne. Ernesti na wenzake waliwekewa nafasi ya pikipiki chini ya ngazi, yenye mnyororo na kufuli, na Ernesti mwenyewe alishika koleo siku mbili bila kuombwa.

"Kumbe nilikuwa nakera," alimwambia Ghanima, akitweta. "Mngesema tu, dada."

Siku ya kumi Bi Kijakazi alishuka alfajiri na karai lake. Kufikia saa moja, vitumbua vilikuwa vinanukia uani na moshi ulikuwa unakwenda zake juu. Mchana mama mmoja wa ghorofa ya tatu alishusha mashuka. Kesho yake waliteremka wawili. Siku ya nne tangu jiko liwashwe, Hasina alichungulia mlangoni, akatazama kule geti lilipo, akaona ukuta, akatoka na kibao cha kukunia nazi na mtoto mgongoni. Ghanima hakuwepo kuyaona hayo. Alikuwa amejifungia ofisini Mabawa, hataki kwenda, anaogopa akienda atakuta pikipiki. Habari alikuwa anazipata kwa simu, na hakuziamini sana, kwa kuwa Bi Kijakazi ni mtu wa kuonea wenzake huruma.

Jumamosi moja, siku nne kabla muda haujaisha, simu ililia baada ya alasiri.

"Njoo upesi," ilisema sauti ya Bi Kijakazi, na nyuma yake palikuwa na kelele. "Tajiri yuko hapa na mkewe. Namtuma Ernesti akufuate."

Ghanima alipanda pikipiki ya Ernesti akiwa ameshika mtandio kwa mkono mmoja. Njia nzima aliwaza stoo: mlango wa chuma, madirisha ya juu, mita ngapi kwa ngapi. Alikuwa ameshaichora yote kichwani walipofika getini. Aliuzunguka ukuta wa chokaa.

Kwanza hakuona chochote ila nguo. Mashuka, kanzu, sare za shule, kanga za rangi zote, zimetanda kamba kwa kamba zikipigwa na upepo. Alipenya katikati yake, akatokea upande wa pili. Kwenye benchi la kivulini, katikati ya wanawake sita, alikuwa ameketi Rehmatbai, viatu amevua, ungo wa mchele mapajani, akimweleza Hasina jambo lililowafanya wote washike mbavu. Watoto walikuwa wanarukaruka karibu na makaro. Mzee wa ghorofa ya nne alikuwa amelala kwenye mkeka, redio kifuani.

Kurbanali alikuwa amesimama peke yake karibu na banda la jiko, kitumbua mkononi, suruali imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, mzee," alisema Ghanima, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Marahaba. Nani huyo?" Aligeuka. "Ah, bint Saud. Nimekuja kuhesabu watu wako. Nusu saa nazunguka humu natafuta mahali pa kusimama. Hapa nimefukuzwa, nimekanyaga nguo. Pale nimefukuzwa, nimezuia upepo wa jiko. Yule mtoto amenimwagia maji." Alikula kitumbua, akajifuta vidole. "Sasa hebu niambie wewe msomi. Stoo zangu nitajenga wapi?"

Ghanima aliinua macho kuitafuta kona ya stoo. Kisha alimwona mzee anacheka, si kwa sauti, mabega tu yanatikisika.

"Waache," Kurbanali alisema. "Waache hivi hivi. Na bandani ongeza taa, giza linaingia mapema."

"Kurbanali!" Rehmatbai aliita kutoka benchini. "Wewe tangulia nyumbani. Mie mchele haujaisha."

Ghanima alijikokota hadi kwenye karo la karibu, akaketi ukingoni. Machozi yalimjia, akafungua bomba ili aonekane ananawa. Alinawa uso, akanawa tena, akapumua. Kwa miezi mitano alikuwa akilala kama mtu aliyebeba tofali kifuani, na hapo ndipo alipojua lilikuwa zito kiasi gani, kwa kuwa halikuwepo.

Alipiga simu kwa mama yake, aliyekuwa mwendo wa dakika kumi kutoka pale.

"Mama, uko tayari? Nakuja kukuchukua, nikuoneshe kitu."

"Mbali?" Bi Khuloud aliuliza.

"Hapa hapa Ngamiani."

"Ngoja basi nivae baibui. Kuna watu huko?"

Ghanima alicheka, pua imeziba. "Wako, mama. Wamejaa."

Bi Kijakazi alikuwa amesimama mbele yake, kibano cha jiko mkononi, amekunja uso.

"Bint Saud, kama umemaliza kulia, niondokee hapo karoni. Nataka kuosha karai. Na ukimleta mama yako, mwambie vitumbua vya moto vimebaki sita tu, nami simwekei mtu."

Ghanima aliinuka. Kabla hajafika getini, alimwona Bi Kijakazi anavitia vitano kwenye sahani na kuvifunika.

"Na yale maboksi, bibi?" aliuliza.

"Maboksi gani?" alisema Bi Kijakazi.